Usalama wa Mtaa: Kazi Zilizo Mikononi mwa Kaunti

Likitajwa neno usalama, watu wengi huona mbele ya macho yao askari polisi mwenye kofia na bunduki. Mtu akinyang'anywa mkoba njiani saa mbili ya usiku, neno la kwanza litokalo kinywani mwake ni kuuliza, "Polisi walikuwa wapi?" Ni haki yake kuuliza hivyo. Lakini liko swali la pili ambalo huulizwa na wachache sana: "Mbona taa ya mahali pale ilikuwa imezimika tangu mwezi uliopita?" Swali la kwanza lajibiwa na Serikali ya Taifa. Swali la pili lajibiwa na kaunti, yaani baraza lililo karibu zaidi na mlango wa raia, na mara nyingi jibu halipatikani kwa sababu swali lenyewe halikupelekwa huko.

Katika somo hili tutaeleza ni mambo gani ya usalama ambayo sheria imeyaweka mikononi mwa kaunti, ni yapi ambayo haikuyaweka, na jinsi mwananchi wa kawaida awezavyo kulifikisha jambo lake mahali panapohusika. Tutakaa zaidi juu ya habari za moto, kwa kuwa ndiko roho nyingi zilikopotea, na juu ya habari za fedha, kwa kuwa ndiko maombi mengi mazuri yanakofia.

Kwanza yatupasa kuifahamu mipaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezigawa kazi za serikali katika Jedwali lake la Nne. Sehemu ya kwanza ya jedwali hilo ni ya Serikali ya Taifa, na humo mna polisi, sheria za jinai, magereza na mahakama. Sehemu ya pili ni ya kaunti zote 47. Humo mna kazi ya kuzima moto na kukabili maafa, taa za barabarani, barabara za kaunti, mwendo wa magari na maegesho yake, mifereji ya maji ya mvua mahali palipojengwa, mpango wa ujenzi, leseni za vileo, kuzuia kelele na kero nyingine za watu, na hata leseni za mbwa. Msomaji akiyatazama mambo hayo moja moja ataona kwamba hakuna hata moja linalohitaji bunduki. Hata hivyo mtoto aliyezama mtaroni, mpangaji aliyeangukiwa na ghorofa na mchuuzi aliyeungua pamoja na mali yake, wote hao walikuwa chini ya ulinzi wa sehemu hiyo ya pili.

Mpango huu wa kazi si mgeni. Yalikuwako mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1924, na mabaraza ya miji, na Nairobi iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 1950. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 mabaraza 175 ya zamani yaliondolewa na mahali pake pakaingia kaunti, zenye gavana na bunge lake. Majina yalibadilika, lakini bomba la zimamoto, taa ya njiani na mkaguzi wa majengo vilibaki kuwa kazi ya baraza kama zamani, na polisi wakabaki kuwa wa Serikali kuu.

Hapa hatuna budi kusema neno moja juu ya wale askari wa kaunti ambao watu wa mjini huwaita "kanjo", jina lililotokana na neno la Kiingereza la baraza. Askari hawa si polisi. Kazi yao ni kusimamia sheria ndogo za kaunti: masoko, maegesho, usafi, mahali pa kuuzia bidhaa. Mwananchi aliyelijua baraza kwa kufukuzwa na kanjo tu, akimbia na kapu la nyanya kichwani, ataona vigumu kusadiki kwamba baraza hilo hilo lajishughulisha na usalama wake. Lawama hiyo si ya bure, na kaunti ambayo haimheshimu mchuuzi isishangae mchuuzi akinyamaza pale alipoona waya wa umeme umekatika.

Sasa tuje kwenye moto.

Tarehe 28 Januari 2009 duka kubwa katikati ya jiji la Nairobi lilishika moto mchana watu wakiwamo ndani, na watu wapatao 29 wakafa. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja katika eneo la viwanda ilitiririka kwa njia ya mfereji mpaka mtaa wa Sinai, watu wakatoka na madebe kuichota, kisha ikalipuka. Waliokufa walikuwa wapatao 100. Tarehe 28 Juni 2018, kabla ya mapambazuko, soko la Gikomba liliwaka na kuua watu 15, nalo si mara ya kwanza wala ya mwisho kwa soko hilo kuungua.

Tukiyatazama maafa haya matatu kwa pamoja, twaona kwamba kazi ya zimamoto huanza miezi na miaka kabla ya king'ora kulia. Katika duka, swali la kwanza ni hili: mlango wa dharura uko wapi, na je, waweza kusukumwa na mtoto? Wenye maduka wengi huufunga mlango huo kwa kufuli kwa kuogopa wezi. Hofu yao twaielewa, lakini moto ukishaziba mlango wa mbele, kufuli lile huwafungia wateja ndani. Kwa sababu hiyo kaunti humtuma mkaguzi wa zimamoto kabla ya kumpa mwenye biashara cheti chake. Mkaguzi hutazama mlango, ngazi, mitungi ya kuzimia moto, nyaya za umeme, na mahali gesi inapowekwa. Cheti kilichotolewa bila mkaguzi kuingia dukani ni karatasi tu, na mwananchi aliyelipa ada yake ana haki ya kudai ukaguzi wenyewe ufanywe.

Katika mtaa kama Sinai swali ni jingine. Nyumba za mabati zilijengwa juu ya njia ya mafuta na kando ya mfereji, mahali ambapo mpango wa mji haukuruhusu makao. Lakini watu hawakukaa pale kwa upumbavu. Walikaa kwa sababu viwanda vilikuwa karibu na kodi ilikuwa nafuu. Kwa hiyo kazi ya kaunti hapo ni mbili, nazo zagongana: kuwaondoa watu mahali pa hatari, na kuwapatia mahali pa kwenda. Baraza likifanya la kwanza bila la pili, baada ya miezi michache watu watarudi pale pale, na mabati yale yale.

Ama soko, hapo jambo kubwa ni njia. Gari la zimamoto ni pana na zito, hasa likiwa limejaa maji. Likifika penye vibanda vilivyosogezwa mpaka katikati ya barabara, halina pa kupita, na watu huanza kulirushia maneno kana kwamba dereva ndiye aliyejenga vibanda. Kila mchuuzi aliyesogea hatua moja mbele alisogea kwa sababu jirani yake alisogea jana. Hakuna aliyekusudia kuziba njia, na njia ikazibika. Hapa baraza lina mamlaka ya kupima njia, kuiwekea alama na kuilinda. Katika masoko mengine wachuuzi wenyewe wana kamati yao, na ni afadhali mara mia njia ilindwe na kamati ambayo wachuuzi waliichagua kuliko kulindwa kwa rungu. Tena njia peke yake haitoshi. Yafaa pawe na bomba la kutekea maji karibu, lisilofukiwa na takataka wala kujengewa juu yake, maana gari lililokwisha maji katikati ya moto ni sawa na gari ambalo halikufika.

Miji mingine haina nafasi ya gari hata kidogo. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro vyake vilijengwa kwa ajili ya watu na punda. Kaunti yenye mji wa namna hiyo ikinunua gari kubwa la zimamoto kwa ajili ya kupigwa picha, imetupa fedha. Inahitaji pampu ndogo za kubebwa, mipira mirefu, na vijana wa mtaa waliofundishwa kuitumia. Tumelitaja jambo hili ili msomaji aone kwamba si kila kaunti yahitaji kitu kile kile, na kwamba yeye akaaye mahali ndiye ajuaye zaidi kipi kitapita katika kichochoro chake.

Mtu akiona moto na apige simu 999 au 112, au namba ya kituo cha zimamoto cha kaunti yake, ambayo ingefaa iandikwe ukutani tangu leo. Akipiga, ataje kwanza mahali: jina la mtaa, jina la shule au msikiti au kanisa lililo karibu, na njia ambayo gari laweza kupita. Kisha amtume mtu asimame barabarani kulipokea gari. Dakika nyingi hupotea kwa dereva kuuliza njia.

Habari ya majengo yafanana na ya moto, kwa maana hatari yake yaonekana mapema. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lililokuwa kando ya mto huko Huruma, Nairobi, lilianguka na kuua watu zaidi ya 40. Jengo lile lilikuwa limekwisha kuhesabiwa kuwa halifai kukaliwa, na watu waliendelea kukaa ndani. Ndiyo kusema ukaguzi ulifanywa, lakini uliishia ukutani. Kaunti ndiyo inayopitisha ramani ya jengo, na mkaguzi wake ana haki ya kuingia mahali panapojengwa akatazama nondo, saruji na msingi. Mpangaji naye aweza kwenda katika ofisi ya mipango ya kaunti akauliza kama jengo analokaa lina ramani iliyopitishwa. Twajua kwamba si rahisi. Mwenye nyumba aweza kumfukuza, na chumba kingine cha kodi ile hakipo. Hata hivyo wapangaji kumi wakienda pamoja na barua moja, huyo mwenye nyumba hatajua amfukuze nani.

Mifereji hatutaisema kwa urefu. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 200 katika Kenya, na katika mitaa kama Mathare maji yalipita juu ya nyumba zilizokuwa kando ya mto. Kuzibua mfereji wakati wa kiangazi ni kazi ya majembe na siku chache. Kuuzibua mvua ikinyesha haiwezekani.

Vilevile leseni za baa. Watu wengi wanaoishi karibu na vilabu vya pombe wajua kwamba vita vya Jumamosi usiku havianzi bila sababu. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilitaka mahali pa kuuzia pombe pawe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule za watoto, na baada ya mwaka 2013 kaunti zilianza kutunga sheria zao wenyewe za leseni. Leseni ina muda wake. Ikifika wakati wa kuombwa upya, jirani aweza kupeleka pingamizi kwa maandishi. Pingamizi lenye tarehe na saa za vurugu husikilizwa zaidi kuliko lile linalosema tu kwamba mahali pale ni pabaya.

Je, kaunti haina neno lolote kwa polisi? Inalo, ijapokuwa haiwezi kuwaamuru. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika kifungu cha 41, imeweka katika kila kaunti chombo kinachoitwa Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana, au mtu wa kamati yake kuu aliyemteua. Ndani yake wamo wajumbe wawili kutoka bunge la kaunti, wakuu wa vyombo vya usalama katika kaunti ile, na wakazi wasiopungua sita, wakiwamo watu wa biashara, wanawake, vijana, watu wa dini na watu wenye ulemavu. Kazi yao ni kutazama uhalifu unakwenda wapi katika kaunti na kupendekeza ni mambo gani polisi wayatangulize. Kwa mfano, bunge la kaunti likijua kwamba wizi umezidi katika njia ya kwenda kituo cha matatu, mjumbe wake aweza kulitaja hapo mbele ya mkuu wa polisi. Na siku hiyo hiyo mkuu wa polisi aweza kumwambia gavana kwamba askari wake hawaoni kitu gizani.

Wako wanaochanganya chombo hiki na mpango wa Nyumba Kumi. Huo ni mwingine. Ulianza kuhimizwa Kenya mwaka 2013 kwa mfano uliotoka Tanzania, nao u chini ya machifu na manaibu wao, ambao ni watumishi wa Serikali ya Taifa.

Kuchanganya milango hivi ndiko kunakowachosha watu, na sasa tutatoa mfano. Tuseme yuko mama anayeuza samaki wa kukaanga jioni karibu na kituo cha magari. Taa ya pale imezimika, na wateja wake wawili wameibiwa. Anakwenda kwa chifu.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kwa habari ya taa ya pale stendi."

"Marahaba, mama. Taa si yangu. Hiyo ni ya kaunti."

Anakwenda kituo cha polisi. Wizi unaandikwa katika kitabu cha matukio, nalo ni jambo jema, lakini taa haiandikwi. Hatimaye anafika kwa msimamizi wa wadi, mtumishi wa kaunti aliyewekwa kwa sheria ya mwaka 2012, na huyo anamwambia, "Mama, fedha za mwaka huu zimekwisha kugawanywa." Mama anarudi nyumbani akiamini kwamba amedanganywa. Pengine hakudanganywa, ila hakuelezwa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba kutengeneza taa iliyopo na kuweka taa mpya ni mambo mbalimbali. Taa iliyokufa haihitaji kungoja mwaka mwingine wa fedha. Idara inayohusika na taa ina fungu la matengenezo, na mwananchi aweza kuripoti siku yoyote, akitaja mahali hasa, namba ya nguzo ikiwa ipo, na tangu lini imezimika. Zile taa ndefu ambazo watu huziita "mulika mwizi" hununuliwa kwa shangwe, lakini taa ni kama ng'ombe wa maziwa: asipolishwa kila siku hatoi kitu. Umeme wake hulipiwa, balbu hubadilishwa, na nyaya hulindwa zisiibiwe. Kaunti isiyotenga fedha za kulipa umeme imesimamisha nguzo za kupumzikia ndege.

La pili ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Lakini mazungumzo yake huanza zamani. Kufikia tarehe 1 Septemba kaunti yapaswa kuwa imepeleka katika bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia tarehe 28 Februari hupelekwa waraka wa mwelekeo wa fedha, ambao huonyesha kila idara itapata kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili hupelekwa makadirio yenyewe, na bunge huyapitisha kabla ya Juni kwisha. Kwa hiyo mtu anayetaka taa mpya iwake baada ya Julai ya mwaka ujao hana budi kuanza kusema kabla ya Septemba ya mwaka huu. Akija mwezi wa Mei atakuta mlango umebaki ufa tu, na akija Agosti, baada ya mwaka kuanza, ataambiwa lile neno aliloambiwa mama wa samaki.

Katika kila hatua hiyo sheria yataka wananchi waitwe na wasikilizwe. Mikutano huitwa katika kumbi na shule, mara nyingi saa za kazi, na ndiyo sababu wanaoonekana humo ni wale wale kila mwaka. Twaona hilo ni kosa la waitishaji. Mwuza samaki hawezi kuacha biashara yake mchana kutwa kwa ajili ya kungoja kusema maneno mawili. Lakini sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 imempa njia nyingine, yaani haki ya kupeleka maombi kwa maandishi, na maombi hayo hayamlazimishi kukaa mkutanoni.

Barua yenyewe si lazima iwe ndefu. Iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi, itaje mahali, hatari iliyopo, matukio yaliyotokea na tarehe zake, na kitu kinachoombwa. Wenye shida ile ile watie sahihi pamoja na namba zao za kitambulisho. Nakala moja ipelekwe kwa msimamizi wa wadi, moja kwa mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, na moja kwa karani wa bunge hilo. Nakala ya nne ibaki kwa aliyeandika, ikiwa imegongwa muhuri wa ofisi iliyoipokea na kuandikwa tarehe, ili mwezi wa Februari atakaporudi kuuliza awe na kitu cha kuweka mezani.